Mlinzi wa Makabati ya Vioo

Kitambaa kilitoka kikiwa safi.

Mzee Miwani alikigeuza, akakitazama upande wa pili, kisha akakipitisha tena juu ya rafu ya juu kabisa, ile ya vindege vya mfano, ambako vumbi huwa halikosekani hata apanguse mara ngapi. Safi. Akapanda kigoda, akapitisha kidole juu ya paa la kabati, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki ila kwa nadra. Kidole nacho kikarudi safi. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ya udongo inayopitwa na malori ya kokoto kutwa nzima. Mkewe akipangusa meza asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake. Lakini ndani ya chumba kile, tangu jana, haikuwa imeingia hata chembe.

Mtu mwingine angeshukuru, akaenda zake kunywa chai. Yeye alishtuka. Vumbi alilijua kama mtu anavyomjua jirani mkorofi: linapopita, linapojificha, saa linayorudi. Halikuwa jirani wa kuhama bila kuaga.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza miwani. Alikuwa na duka jembamba, kioo mbele na kioo nyuma, ambamo alikaza skrubu ndogo kama mbegu za ufuta na kupangusa lenzi za watu mpaka zikang'aa. Mwenyewe bila miwani alikuwa haoni hata mlango, jambo ambalo wateja hawakuchoka kulifanyia mzaha. Hakunywa pombe, hakufuata mpira. Starehe yake ilikuwa vigari: magari ya zimamoto, mabasi, treni ya chuma na mabehewa yake, vindege, meli ya kivita iliyokuwa bado ndani ya boksi lake kama ilivyotoka kiwandani. Vyote vimetengenezwa kwa kufuata vya kweli, taa kwa taa, kitasa kwa kitasa.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha binti yake. Binti alipoolewa, kitanda kilitolewa kabla harufu ya mafuta yake ya nywele haijaisha, yakaingia makabati ya vioo, ukuta hadi ukuta. Milango ya makabati ilizungushiwa utepe wa mpira. Kila pembe ilikuwa na kifuko cha kunyonya unyevu. Dirisha lilibandikwa karatasi nyeusi na kufunikwa pazia zito, kwa kuwa jua hula rangi, na nyekundu ndiyo huliwa kwanza. Chini ya kila tairi kulikuwa na kipande cha plastiki, mpira usije ukagandia rafu. Mgeni akibahatika kuingizwa, aliambiwa mlangoni: "Tazama kwa macho. Mikono iache mfukoni."

Mwaka ule binti akarudi. Ndoa ilikuwa imemshinda. Alikuja na begi na mtoto wa kike wa miaka mitatu waliyemwita Chiriku, kwa sababu alikuwa hanyamazi, hata usingizini anazungumza na watu. Kila mmoja alidhani chumba kitarudi kwa mwenyewe. Mzee Miwani akasema wataangalia. Mama na mtoto wakalala sebuleni, juu ya godoro lililosimamishwa nyuma ya kochi kila asubuhi, na huko kuangalia kukawa hakuna mwisho.

Ndipo siku moja mlango ukasahauliwa wazi. Chiriku akaingia, akakuta kabati lililokuwa likipanguswa halijafungwa, akakitoa kindege cheupe, akakirusha kiruke. Bawa likakatika.

Hakuna aliyechapwa. Mzee Miwani hakuwa mtu wa fimbo. Lakini jua lilipokuwa linazama alisimama peke yake kwenye kizingiti cha chumba kile, bawa kiganjani, machozi yakimlenga kama mtoto, akasema kwa sauti: "Nimechoka. Kama kuna yeyote anayenisikia humu, basi na avilinde yeye. Mimi nimeshindwa."

Taa za makabati zilififia, zikarudi, kama jicho lililofumbwa na kufumbuliwa. Akadhani ni umeme, akaenda kulala.

Hiyo ilikuwa jana. Sasa alishuka kwenye kigoda, akakitazama kindege cheupe. Bawa lilikuwa mahali pake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akakiinua kindege mpaka karibu na pua. Hapakuwa na gundi, hapakuwa na mstari, hapakuwa na alama ya kuonyesha kwamba kiliwahi kuvunjika. Kilikuwa kimepata moto kidogo, kama kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu muda si mrefu.

Alipaswa kuita watu. Badala yake alitabasamu, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni.

*

Siku ya mapumziko, mchana, walikuwa jikoni wakisubiri chakula. Mkewe, ambaye alifundisha hisabati na nyumbani pia waliishia kumwita Mwalimu, alikuwa amewapa mgongo, anapakua. Binti alikuwa akimfunga Chiriku kitambaa shingoni. Kutoka upande wa chumba kilichofungwa ikasikika sauti.

"Haaa."

Kisha: kwi, kwi, kwi.

Sauti hiyo waliijua wote. Ndiyo sauti ya Mzee Miwani akiwa kazini: kuhemea kioo kipate mvuke, halafu kukisugua kwa kitambaa.

"Kamwite baba yako," Mwalimu akamwambia binti bila kugeuka, "mwambie chakula kinapoa. Vile vioo havitamkimbia."

Mwalimu akageuka na sahani mkononi. Mumewe alikuwa ameketi mezani, kijiko mkononi, uso umemsawijika.

"Haaa," kule chumbani. Kwi, kwi.

"Nani yuko mle?" Mwalimu akauliza, sauti imeshuka yenyewe.

"Upepo."

"Upepo unahema, mume wangu?"

"Nimesema upepo. Kuleni."

Walikula, ila Chiriku peke yake ndiye aliyemaliza. Baadaye ikaja harufu, ile ya pasi ya moto iliyosahauliwa juu ya nguo. Mwalimu alikimbia kutazama pasi yake. Ilikuwa juu ya kabati la nguo, baridi, waya umeviringishwa kama alivyouacha.

Tangu hapo harufu ikawa inakuja na kuondoka, na kila ilipokuja Mzee Miwani alikuta chumba kimezidi kupendeza. Nyekundu zilizokuwa zimepauka zilirudi kukolea. Kutu ya treni ilitoweka. Alikuwa akisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akiona vitu vyake vinavyong'aa na nyuma yake kivuli chake mwenyewe kimeinama kuvitazama. Siku kadhaa zilipita kabla hajatambua kwamba yeye alikuwa amesimama wima.

Hata hapo hakusema. Alijiambia kwamba mwenye nyumba iliyoibiwa ndiye wa kupiga kelele. Yeye hajaibiwa kitu, ametunziwa.

Kisha akaja fundi umeme, kijana mcheshi, kurekebisha taa moja iliyokuwa ikicheza. Mzee Miwani alitoka kidogo kumpa Mwalimu ufunguo wa stoo. Aliporudi alimkuta fundi ameshika gari la zimamoto, analiendesha juu ya kiganja, mdomoni anapiga king'ora.

"Weka!" Mzee Miwani akafoka.

"Pole, mzee wangu. Utoto hauishi." Akalirudisha, akamaliza kazi, akaenda zake.

Kesho yake alirudi. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mzee, samahani. Kwenye lile gari kulikuwa na dawa gani?"

"Dawa? Hakuna dawa."

"Simu yangu haifunguki. Naweka kidole, inanikataa." Akanyoosha mkono. "Nimedhani uchafu, nimeosha. Hebu wewe mwenye macho ya miwani nitazamie."

Mzee Miwani alikishika kile kiganja, akakisogeza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini. Ile mistari midogo ambayo kila mtu huzaliwa nayo haikuwepo. Ngozi ilikuwa nyororo na yenye kung'aa, kama rangi iliyopuliziwa kiwandani ikakauka vizuri.

"Itarudi," alisema, na sauti yake ikamsaliti.

"Usidhani inauma, mzee. Haiumi. Hilo ndilo linaloniogopesha. Siisikii kabisa."

Alipoondoka, Mzee Miwani aliketi sebuleni, mikono katikati ya magoti. Chiriku alikuwa amelala juu ya kochi, mchana ule wa joto, mdomo wazi kidogo, nywele zimemgandia kwenye paji la uso, kwa mara moja kimya. Babu alimtazama, moyo uliojaa hofu ukapata pa kupumzika. Kila wiki nguo zilikuwa zinambana. Kila wiki alikuwa amejifunza neno jipya na kulisahau la kitoto alilokuwa akilitamka.

"Laiti ungebaki hivi hivi," akamnong'oneza.

Kule chumbani, kwi, kwi, kwi iliyokuwa ikiendelea polepole ikakoma.

*

Siku iliyofuata Mwalimu alirudi kutoka shule adhuhuri, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani, akasikiliza.

"Mbona nyumba imepoa hivi? Chiriku yuko wapi?"

Binti alitoka uani na nguo alizokuwa akianua. "Si yuko hapo? Nimemwacha hapo sasa hivi anachora."

Karatasi ilikuwa sakafuni, penseli juu yake. Walimwita. Walitazama chini ya meza, nyuma ya godoro, uani, kwenye pipa la maji, na binti alikuwa tayari amefika barabarani akiwauliza madereva wa kokoto kama wameona mtoto, pale Mzee Miwani, aliyekuwa amefunga duka mapema kwa kuwa kiganja cha fundi hakikumtoka akilini, alipoingia getini na kusikia jina likiitwa, na bila kuambiwa kitu akajua, akapita katikati yao, akauchomoa ufunguo mfukoni, ufunguo ambao haukuwa umetoka mfukoni mwake tangu asubuhi, akauingiza kwenye tundu, akakosa, akaingiza tena, na harufu ya nguo inayoungua ikamtokea mlangoni kama mtu anayetoka kumlaki mgeni, na ndani ya giza lile la adhuhuri, ndani ya kabati kubwa lililofungwa kwa utepe wake wa mpira, kwenye rafu ya chini ambayo jana ilikuwa na treni na leo treni ilikuwa imesogezwa kwa adabu pembeni, alikuwa amesimama mjukuu wake, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, macho wazi yasiyopepesa, nywele zimechanwa, uso hauna jasho wala doa, na chini ya kila mguu kimewekwa kipande kidogo cha plastiki.

Binti alipiga ukelele. Alimsukuma baba yake, akaufungua mlango wa kioo, akamkumbatia mwanawe amvute. Mtoto hakusogea. Haikuwa uzito, ilikuwa kama anavuta nguzo ya nyumba.

"Anapumua," akasema, sikio kifuani kwa mtoto. "Mama, anapumua, lakini haniangalii. Mwanangu! Chiriku! Niangalie!"

"Tazama kwa macho," ikasema sauti nyuma yao. "Mikono iache mfukoni."

Ilikuwa sauti ya Mzee Miwani. Mwalimu aligeuka kumtazama mumewe, na akaona midomo yake imefumba.

*

Aliyeitwa alikuwa Mama Mayai. Mtaa mzima ulinunua mayai kwake, na waliokuwa na shida ya aina nyingine walipita mlango wa nyuma. Alikuja na aproni yake, manyoya ya kuku begani, akiwa amekasirika kama mtu aliyekatishwa kazi. Hakuwa na hirizi wala chetezo. Alisimama kizingitini, akavuta harufu, akawatazama watatu wale mmoja mmoja.

"Nani aliyemwita?"

Mzee Miwani akasema yote, la bawa, la fundi na la kochi, kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Binti alimsikiliza bila kupepesa, mkono wake ungali umeshika mguu wa mtoto.

Mama Mayai akaingia hatua moja. "Wewe. Umekaa humu kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye nyumba," sauti ikajibu kutoka kwenye vioo vyote kwa pamoja, kwa upole. "Alinipa kazi. Naifanya."

"Kazi gani?"

"Kulinda asichotaka kiharibike."

"Na mtoto?"

"Huyu ndiye anayeharibika kuliko vyote. Kila siku anakua. Nimemsimamisha."

Mwalimu alijishika ukutani. Mama Mayai akarudi nyuma, akawatoa ukumbini, akazungumza kwa kunong'ona.

"Huyu hafukuzwi kwa moshi, maana hakuingia kwa hila. Ameajiriwa. Atatoka siku atakapokosa cha kulinda, basi. Baba, utavitoa vitu vyako vyote, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Nje, juani. Uwape watoto. Ukimpa mtoto kwa hiari yako, vidole vyake havitadhurika. Wavichezee. Waviangushe. Wewe utasimama uone."

"Vyote?"

Binti alimtazama tu, na Mzee Miwani akaona haya ya swali lake.

Akaanza. Alifungua geti, watoto wa mtaa wakajaa uani kama kuku walioona mtama. Alitoka na gari la zimamoto, akalitia mkononi mwa mtoto wa kwanza, mkono wenye matope mpaka kiwikoni. Akarudi. Nyuma yake kwenye vioo kuliinama kile kivuli, na kila alipochukua kitu sauti yake mwenyewe ilimsihi masikioni: Hilo rangi yake haitapatikana tena. Hicho kitavunjika leo leo. Huyo ana mikono michafu, huoni? Alitoa mabasi. Alitoa treni, behewa moja moja. Alipasua boksi la meli ya kivita kwa meno kwa sababu vidole vilikataa, na uani wakaitumbukiza kwenye beseni la nguo, ikazama, wakashangilia. Alilipasua pazia, akabandua karatasi nyeusi, na jua likaingia ndani kama maji yaliyovunja kingo.

"Anapepesa!" binti akaita. "Baba, amepepesa!"

Makabati yalikuwa matupu. Chiriku alipepesa, kope zikifunga na kufunguka, midomo ikitafuta neno. Lakini miguu ilikuwa bado imegandia rafu, na ile harufu ilikuwa imekolea mpaka Mwalimu akawa anakohoa.

"Bado kuna kitu," Mama Mayai akasema.

"Hakuna. Tazama mwenyewe," akasema Mzee Miwani.

"Mume wangu." Mwalimu alisema polepole, kama anavyozungumza na mwanafunzi aliyemwona akinakili. "Mfuko wa shati."

Mkono wake ulikuwa umefunika mfuko. Mwenyewe hakujua tangu lini. Akauondoa. Akatoa kibasi cha rangi ya maziwa, kidogo kama kidole gumba, kimekwaruzwa ubavuni. Binti alikiona, uso wake ukabadilika.

"Hicho ni changu."

"Ndiyo."

"Ulininunulia nilipolazwa hospitali. Nilipotoka ukakichukua. Ukasema kimepotea."

"Ulikuwa unakikwaruza," akasema mzee, na alipolisikia neno lile limetoka kinywani mwake, pale, mbele ya mtoto yule kwenye rafu, akapiga goti sakafuni na kukinyoosha kile kibasi kwa mikono miwili. "Chukua, mwanangu. Ni chako. Na wewe," akakigeukia kioo ambamo kivuli chake kilikuwa kimesimama wima wakati yeye amepiga goti, "kazi yako imekwisha. Sina cha kulindwa humu. Mtoto na aharibike. Na akue. Nenda."

Binti alikipokea. Hakukitazama, alikitupa sakafuni, akakikanyaga kwa kisigino.

Vioo vyote vilipasuka kwa mpigo mmoja, bila kuruka hata kipande, vikabaki kwenye fremu zao vimejaa nyufa kama utando wa buibui. Kitu kama mtu mwenye haraka kikawapita ukumbini, joto lake likawachoma mashavu, pazia la sebuleni likainuka likashuka. Watoto wote uani walinyamaza kwa pamoja. Halafu Chiriku akaanguka kutoka kwenye rafu, akajigonga paji la uso, akalia kilio cha mtoto mzima wa afya, mate na makamasi, na mama yake akamdaka akaketi naye chini akilia pia.

Mama Mayai alibaki amesimama kizingitini, anavuta harufu. Mwisho akatikisa kichwa. "Ameondoka hapa," akasema. "Aliko, sijui. Wapo wengi wenye kutaka mlinzi." Akajipangusa manyoya begani, akarudi kwa kuku wake.

Jua lilikuwa limefika mpaka ukuta wa pili, na kwa mara ya kwanza kwa miaka chumba kile kilionekana udogo wake. Uani watoto walikuwa wameanza kugombania mabehewa. Mzee Miwani alikuwa bado amekaa sakafuni. Binti alimfuta mwanawe uso kwa upindo wa gauni, akaongea bila kumtazama baba yake, bila hasira hata, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Baba. Miaka yote hii ulikuwa unavilinda visiguswe na nani? Humu ndani tulikuwemo mimi na mama tu."

Mzee Miwani akavua miwani, akaiweka sakafuni.

"Nyinyi," akasema.

Binti akaitikia kwa kichwa. Akainuka na mtoto begani, akaenda sebuleni, akalivuta godoro kutoka nyuma ya kochi mpaka ndani ya chumba, juu ya vipande vya kibasi, na hakumwomba baba yake amsaidie.